Miguu ikigoma kilomita ya 30, uliza ulikula nini

Kilimanjaro Marathon ikikaribia, wenzangu wa jogingi huniuliza habari za viatu. Chakula hawakiulizii kabisa, na mbio ndefu huharibikia hapo.

Mwili hutunza wanga kama glaikojeni: takriban gramu 400 kwenye misuli na 100 kwenye ini, yaani kalori kama 2,000 ukiwa umeshiba vizuri. Kukimbia kunakula karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito, kila kilomita. Mtu wa kilo 65 akimaliza kilomita 42 ametumia zaidi ya 2,700. Mafuta yapo tele, hata kwa mwembamba, ila huungua polepole. Ukikaza mwendo, misuli inadai wanga. Kwa hiyo anayetoka mkuku kwenye tambarare za Moshi huja kuumbuka akipandisha mlima kuelekea Mweka: pumzi anayo, miguu haitaki.

Anza na mwendo unaokuruhusu kupiga soga na jirani yako. Halafu kula njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani inakupa kama 25. Mimi napenda tende. Nazitoa kokwa nyumbani, maana kutema kokwa huku unahema ni kazi nyingine. Kwenye chupa ya nusu lita natia vijiko vidogo sita vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na ndimu. Jeli za wanga za wakimbiaji, zile za dukani, zinafaa pia, kama mfuko unaruhusu.

Usingoje njaa. Nusu saa tangu uanze, tafuna kitu, kwa sababu ukishapata kizunguzungu tumbo halitawahi kukuokoa. Na yote haya yajaribu kwanza kwenye mazoezi marefu. Tumbo lisilozoea litakutafutia choo katikati ya barabara.

Usiku wa kuamkia mbio, wali au ugali wa kutosha. Maharage yasubiri, ndugu yangu. Alfajiri, saa mbili au tatu kabla, mkate na chai ya sukari vinatosha. Wapo wanaokimbia na njaa "kuchoma mafuta"; kwa jogingi fupi sawa, siku ya mbio ni kujitesa bure.

Mwenye kisukari aongee na daktari kabla ya kufuata vipimo hivi, hasa anayetumia insulini.