Makanisa ya vijijini Ufaransa ni mali ya nani?

Swali: Nasikia makanisa ya zamani Ufaransa si mali ya Kanisa. Mbona misa bado inasomwa humo?

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji. Sheria ya 1905 ilitenga dini na dola. Papa Pius X akawakataza Wakatoliki kuunda vyama ambavyo sheria hiyo ilitaka vipokee majengo, basi makanisa ya parokia yakabaki mikononi mwa halmashauri. Sheria ya 1907 ikawaruhusu mapadri na waumini kuyatumia bure. Ndiyo maana paa likivuja, meya ndiye anayetafuta fundi, ingawa padri ana ufunguo wa mlango. Naona ni mpango wa busara, ila unavielemea mno vijiji vidogo. Maeneo ya Alsace na Moselle, mashariki mwa Ufaransa, yaliyokuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, hayakuguswa na sheria hiyo: huko serikali ya Ufaransa huwalipa mapadri mishahara hadi leo.