Mwalimu Jumatatu, MC Jumamosi

Wiki iliyopita dada mmoja, muuguzi mkoani Singida, aliniandikia ujumbe mrefu. Ana zamu zake za wodini, ana cherehani mbili sebuleni, na wateja wameanza kumpigia hata akiwa kazini. Akamalizia hivi: "Shikamoo dada. Naona kama nawadanganya wote, wagonjwa na wateja. Niache lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile ile, lakini swali lako limenikaa, maana wengi mnaonisoma mna ajira na mna kitu kingine pembeni, na hamtaki kimoja kife. Basi ngoja niwasimulie yangu.

Mimi nafundisha hesabu sekondari, hapa Moshi. Jumamosi nashika maiki: harusi, sendofu, komunyo, ubarikio. Kazi ya kwanza niliisomea chuoni. Ya pili ilinikuta kwenye sendofu ya binti wa mwalimu mwenzetu. MC alipata dharura, mwenyekiti wa kamati akazungusha macho ukumbini, akaona anayeweza kunyamazisha darasa la watoto 70 hashindwi na wajomba waliokwisha kunywa. Nilishika maiki kwa mikono miwili. Watu walidhani ni madaha, kumbe mkono mmoja ulikuwa unatetemeka mpaka mtetemeko unasikika kwenye spika. Lakini walicheka pale nilipotaka wacheke. Tulipokuwa tunafungasha, DJ akaniambia, "Madam, hii ni kazi yako kabisa." Nikajua ananivika kilemba cha ukoka.

Mambo ya magauni ya kukodi na kuwafanyia watu shughuli kwa bei ya nauli nayaruka. Kila aliyeanza biashara anayajua.

Kilichonitesa ni mashaka. Nikiwa ofisini na rundo la madaftari, moyo unaniambia mwalimu wa kweli saa hizi angekuwa anaandaa mazoezi, si kujibu simu za wapambaji. Somo langu ndilo linaloangusha watoto wengi kidato cha nne mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo kila aliyefeli nilimhesabia kwenye harusi zangu. F inaishia 29. Ukishawahi kuandika 29 kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya mtoto unayejua amejitahidi, utanielewa. Halafu Jumamosi, nimevaa gauni linalomeremeta, moyo ule ule unauliza: mwalimu wa hesabu, hapa umefuata nini? Wenye fani yao wapo.

Na wenye fani yao, huku kwetu, wengi ni wanaume. Kamati moja ilinipa advansi, nikahudhuria vikao, nikaandika majina ya koo zote mbili kwenye daftari, mpaka shangazi yupi hapendi kukaa karibu na yupi. Siku chache kabla ya harusi mweka hazina akanipigia: wamepata "mtu mwenye sauti nzito", advansi nibaki nayo. Nikabaki nayo. Baadaye nilioneshwa video. Yule bwana mwenye sauti nzito alimtambulisha baba mzazi wa bibi harusi kwa jina la baba mdogo. Sisemi nilifurahi. Sisemi nilisikitika pia.

Kwenye kamati nyingine mzee mmoja aliuliza mbele yangu, kana kwamba sipo, "Huyu mama ataubeba ukumbi wa watu 400?" Zamani ningetabasamu na kwenda kulilia nyumbani. Siku hiyo nikageuza karatasi ya ratiba, nikachukua kalamu. Nikamwambia, mzee wangu, shikamoo. Kadi yenu inasema saa 12 jioni, lakini sote tunajua maharusi wataingia saa 2 na nusu. Ukumbi unafungwa saa 6 usiku. Tumebaki na dakika 210 za utambulisho, shampeni, keki, ndafu, chakula, zawadi na neno la shukrani. Watu 400 wakipita kutoa zawadi mmoja mmoja, kila mtu sekunde 15 tu, hizo ni dakika 100. Kwa hiyo zawadi zitatolewa kwa makundi, na ndafu itaingia kabla watu hawajaanza kusinzia. Yule mzee aliitazama karatasi, akaitazama tena, akasema, "Mweka hazina, mlipe huyu mama." Najisifu, ndiyo. Niacheni nijisifu.

Jambo lile lilinifungua macho. Kwa nini hesabu niliyompigia yule mzee sijawahi kujipigia mwenyewe? Moyo unasema harusi zinawafelisha watoto. Sawa, ushahidi uko wapi? Nikaketi na matokeo ya madarasa yangu ya mihula kadhaa upande mmoja, na daftari la shughuli upande wa pili. Mihula yenye harusi nyingi haikuwa mibaya kuliko ile mingine. Kitu kimoja tu kilijitokeza: majaribio ya Jumatatu asubuhi. Nikiwa nimefanya shughuli Jumapili, vipindi vya Jumatatu vinakuwa vibovu, na watoto wanaonesha. Basi nikakata Jumapili. Sipokei shughuli ya Jumapili hata ya ndugu, na ndugu wamenuna, wamesema na maneno, maisha yanaendelea.

Ndiyo maana nawaambia wadada: mashaka yakija, yapigieni hesabu. Msiyaombee tu, msiyalilie tu kwa mashoga zenu, yapigieni hesabu. Ukisikia "siwezi", uliza ni nini hasa huwezi, saa ngapi, siku gani. Mara nyingi utakuta si wewe mzima, ni Jumapili.

Halafu jifunze kalenda ya kazi zako. Kwangu mimi Mungu alinipangia vizuri: Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, kumbi zinabaki tupu, na huo ndio wakati ninaowakalisha kidato cha nne jioni. Novemba wako kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo tangu Oktoba nachukua shughuli chache mno. Desemba shule imefungwa, Wachaga wote wanarudi nyumbani, na Moshi nzima inaoa. Hapo maiki haipoi. Na mwajiri wako usimwibie saa zake. Saa 1:30 mpaka 9:30 mimi ni wa serikali, simu ya mpambaji itasubiri. Jisajili pia. Ma-MC tunatakiwa tusajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama wasanii wengine, na mlipakodi ana TIN yake. Sikutegemea, lakini siku niliyojiandikisha ndiyo niliyoacha kujiita "mwalimu anayejaribujaribu".

Msidhani tumeanza sisi. Bibi Titi Mohamed alikuwa kinara wa waimbaji wa ngoma pale Dar es Salaam kabla hajaongoza kitengo cha wanawake cha TANU mwaka 1955. Hakuna aliyemfundisha siasa chuoni. Sauti iliyozoea kukusanya watu ngomani ndiyo iliyowakusanya kwenye mikutano. Sasa wewe dada yangu una diploma yako ukutani na bado unaomba ruhusa ya kujiamini! Ruhusa atakupa nani? Mume? Kamati? Inukeni jamani, mnajidharau kabla hamjadharauliwa.

Haya, turudi kwa muuguzi wangu. Usiache chochote kwa sasa. Rota ya zamu ikitoka, ibandike juu ya cherehani kabla hujapokea kitambaa cha mtu. Wiki ya zamu za usiku pokea kupunguza na kurekebisha tu, si gauni la bibi harusi. Advansi kwanza, mkasi baadaye. Simu ya wateja ibaki kwenye droo mpaka ukabidhi zamu. Na yale mashaka yako ya kuwadanganya wagonjwa, yaandikie ushahidi wa miezi mitatu: ulichelewa lini, ulisahau nini, ulikosea wapi. Ukikuta kitu, tutakikata kama nilivyoikata Jumapili. Usipokuta, nitakutumia vipimo vyangu unijulishe bei, nina harusi ya Desemba.