Kuhani wa miezi mitatu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza swali ambalo wengi hulipita. Siku ya ubatizo, padre alipompaka mjukuu wangu krisma, yaani mafuta matakatifu, utosini, alitamka kwamba Kristo ni Kuhani, Nabii na Mfalme, na mtoto anakuwa kiungo chake. Ukasema: kuhani gani huyu wa miezi mitatu, ambaye hata shingo haijakaza?

Fungua Kutoka 29. Musa aliagizwa amlete Haruni na wanawe mlangoni pa hema, awaoshe kwa maji, kisha Haruni amiminiwe mafuta kichwani. Maji kwanza, mafuta baadaye, kama ulivyoona kanisani. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale wa Karthago, katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya ubatizo karibu mwaka 200. Humo anasema wazi kwamba mpako huu umetokana na desturi ile ya kuwapaka makuhani mafuta yatokayo katika pembe. Augustino, askofu wa Hippo, baadaye akaeleza kwamba wote tunaitwa makuhani kwa kuwa ni viungo vya Kuhani mmoja. Kwa hiyo mwanao hana ukuhani wa kwake peke yake. Anao wa Kristo.

Basi padre wa nini? Tertuliano anajibu kwamba haki ya kubatiza ni ya askofu kwanza, kisha mapadre na mashemasi kwa idhini yake, ili amani ya Kanisa idumu. Lakini dharura ikitokea, mlei, yaani Mkristo asiye na daraja takatifu, naye anaweza, maana alichokipokea sawa na wenzake anaweza kukitoa. Wanawake aliwazuia, na hapo simfuati. Mtaguso wa Firenze, mkutano mkuu wa Kanisa, ulitamka mwaka 1439 kwamba penye dharura hata mwanamke abatize.

Nilipokuwa wodi ya wazazi, usiku mmoja mama Mkatoliki alijifungua njiti, pumzi zinakatika. Akanishika mkono, akaniomba nimbatize mtoto. Nilichota maji ya bomba kwa kikombe cha chai, nikamuuliza jina la mtoto, nikayamimina mara tatu nikitamka maneno ya ubatizo. Mkono ulitetemeka, lakini nilijua nafanya nini na kwa haki ipi.

Wewe nawe usingoje padre ndipo mwanao aombewe. Homa ikimpanda usiku, mpe dawa, kisha mchore msalaba kwenye paji la uso. Siku ya ubatizo padre aliwaita wewe na mwenzio mchore msalaba huo mbele ya watu wote, na kazi ile hamkuazimwa kwa siku moja.

Mama yako