Gia ya otomatiki inachelewa kushika asubuhi na dipstiki inadanganya: anza na kipimo

Mkuu, umesema vani yako ya zamani inachukua sekunde mbili tatu kushika D asubuhi, na dipstiki ya giaboksi jana ilisoma juu ya alama, leo chini. Usikimbilie kufungua giaboksi. Kabla ya yote hakikisha unapima sawasawa, maana oili ya otomatiki hutanuka sana ikipata moto, na injini ikizimwa sehemu ya oili hurudi kwenye sampu (trei ya oili chini ya giaboksi). Ukipima baridi leo na moto kesho, hayo ni majibu ya maswali mawili tofauti.

Endesha dakika 15 hadi 20. Mshale wa joto kwenye dashibodi unasoma maji ya injini, na giaboksi hupata moto taratibu zaidi. Alama ya HOT kwenye dipstiki imewekwa kwa oili ya nyuzi 70 hadi 80 hivi. Egesha pa tambarare, vuta handbreki, kanyaga breki, injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Pitisha lever kutoka P hadi L, tulia sekunde tatu kila gia, rudi P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi (uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu ndogo), irudishe hadi mwisho, uichomoe tena. Pande mbili zikitofautiana, amini unaosoma chini. Ule mwingine umejipaka oili iliyo kwenye bomba. Alama ya COOL ni ya kukadiria tu baada ya kumwaga oili.

Zipo zinazopimwa tofauti. Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya kuzima injini. Dodge za zamani zenye giaboksi ya TorqueFlite hupimwa zikiwa N, kwa sababu kwenye P tokikonveta (kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) haijazwi oili.

Kati ya alama mbili za HOT mara nyingi haifiki nusu lita. Kwa hiyo ongeza mililita 200, subiri ishuke kwenye bomba, pima tena. Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza: vyuma vinavyozunguka huipiga oili ikawa povu, povu halishiki presha, klachi zinateleza, na oili inatokea kwenye tundu la kupumulia. Wengi wakiona hivyo hudhani ni uvujaji, wakaongeza tena!

Sasa huko kuchelewa. Kama oili ni pungufu, utaona pia gia inateleza kwenye kona na milima, kwa sababu pampu inavuta hewa. Kama kipimo ni sahihi na tatizo linaisha gari likipata moto, shuku sili za mpira za pistoni za klachi. Zimekakamaa kwa umri. Kama ni baada ya kulala usiku tu, huenda oili inashuka kutoka kwenye tokikonveta. Jaribu kuwasha ukaacha ingurume nusu dakika kwenye N kabla ya kuingiza D.

Ikiwa ni pungufu, ilikwenda wapi? Kagua gasketi ya sampu, oringi ya bomba la dipstiki, mipira inayokwenda rejeta, sili ya shafti ya nyuma. Matone kati ya injini na giaboksi ni sili ya pampu, na hapo giaboksi inashuka. Hakuna tone chini lakini oili inapungua na ekzosi inatoa moshi mweupe? Kama giaboksi yako ina moduleta ya vakyumu (kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kurekebisha giaboksi), chomoa kipira chake. Ukikuta oili nyekundu ndani, kiwambo cha ndani ya moduleta kimepasuka na injini inaichoma oili.

Nyekundu angavu ni nzima, kahawia isiyonuka imechoka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi. Ya waridi kama maziwa ni maji ya rejeta yameingia. Usiendeshe tena, maji hubandua gundi ya sahani za klachi.

Ukimwaga kwenye sampu unatoa theluthi hadi nusu tu, nyingine inabaki kwenye tokikonveta. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho. Ikitoka asilimia 40 kila mara, mara tatu zinakupa karibu asilimia 78 ya oili mpya, na kwa giaboksi ya umri huo naliamini hilo kuliko mashine ya kusukuma kwa presha. Badilisha filta. Tope laini jeusi kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Bolti za sampu kaza kidogokidogo kwa kupishana, ukizibana sana sampu inapinda na kuvuja upya.

Aina ya oili isome kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Toyota T-IV na Dexron III zote ni nyekundu, lakini msuguano wake si mmoja, usizichanganye.