JIBU: Pikipiki ya zamani inatema oili kwenye boksi la eya klina, fundi anasema ringi

Mkuu nimekusoma. Pikipiki ya sisi 125 injini ya fimbo (valvu zinasukumwa kwa fimbo), ya siku nyingi, umefungua eya klina umekuta sponji imelowa oili na nyingine imetuama chini ya boksi, fundi kaichungulia kidogo tu kasema ringi za pistoni (vyuma vya duara vinavyoziba kati ya pistoni na silinda) zimekwisha leta hela tufungue injini. Inawezekana ikawa ringi kweli, sibishi. Ila kwa pikipiki za huku kwetu Masasi, Newala mpaka Tandahimba, zinazobeba magunia ya korosho kwenye mchanga, mimi ringi naziwekaga mwisho wa foleni maana vitu vingine vyote vya kuangalia ni bure au karibu na bure, na hela ya kufungua injini ukishaitoa ndo imeenda.

Elewa kwanza oili inafikaje huko. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyoko chini kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ikipanda inaivuta, na injini ya silinda moja haina pistoni ya pili ya kupokezana nayo, kwa hiyo kila mzunguko kuna kama sisi 125 za hewa zinaenda na kurudi humo ndani. Ukiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hiyo ni mara 100 kila sekunde. Lazima injini iwe na pa kupumulia, ndo huo mpira mweusi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye boksi (zipo pikipiki ambazo mpira unashuka tu chini barabarani, hizo haziwezi kukuletea shida hii). Hewa inatoka na mvuke wa oili, mvuke ukifika boksini unapoa unakuwa matone. Kidogo ni kawaida kabisa hata kwa pikipiki mpya. Angalia chini ya boksi kuna kimpira kifupi kimezibwa mwishoni, kazi yake ni kumwagia hayo matone, na watu wengi wanakaa na pikipiki miaka bila kukigusa mpaka oili inapanda inafika kwenye sponji halafu wanashtuka. Kifungue, mwaga, funga, endesha wiki, angalia tena. Unaweza kukuta ugonjwa wenyewe haupo.

Ikirudi haraka, pima kimo cha oili. Injini za aina ya Honda CG125 ukimwaga na kujaza bila kufungua kitu zinataka kama lita 0.9, sasa dukani oili inauzwa chupa ya lita moja na mtu haoni kwa nini abakize, anamimina yote, na ile ya zamani haikutoka yote kwa sababu aliimwaga injini ya baridi na pikipiki imelalia stendi ya pembeni. Washa dakika chache, zima, isubiri kidogo, simamisha kwa stendi ya kati sehemu tambarare, futa kijiti cha kupimia oili, kichomeke bila kukizungusha kukifunga, kiegemee tu, soma. Hivyo ndo injini hizi zinavyopimwa, kama yako ni aina nyingine fuata kitabu chake maana zipo zinazopimwa kijiti kimefungwa. Ikizidi alama ya juu krenki inaichapa oili inakuwa povu na povu lote linatafuta mpira wa pumzi. Na ukianguka kwenye mchanga pikipiki ikalala ubavu, oili ikiingia boksini siku hiyo usihesabu kama ugonjwa, safisha endelea.

Sasa hapa ndo nataka usome taratibu. Kama kimo kimezidi na una uhakika hukujaza sana, yaani oili INAONGEZEKA yenyewe, hiyo sio oili, ni petroli. Sindano ya floti kwenye kabureta (inayozuia petroli kabureta ikishajaa) ikichakaa haizibi vizuri, wewe umelaza pikipiki usiku koki ya tenki iko wazi, petroli inashuka pole pole, na kama kimpira cha kumwagia cha kabureta kimeziba tope basi inaingia kwenye injini kupitia valvu iliyo wazi, inapita pembeni ya ringi (hata ringi nzima hazizuii petroli iliyotuama usiku kucha) inaingia kwenye oili. Asubuhi unawasha, oili imekuwa nyepesi kama maji, imezidi kimo, injini ikipata joto petroli inachemka inatoka kama mvuke kwenye mpira wa pumzi na kubeba oili kibao. Ukimpelekea fundi wa haraka anaona oili boksini, moshi, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imelegea kwa sababu petroli imeosha silinda, anasema ringi, na ukimruhusu anabadilisha ringi halafu baada ya muda tatizo linarudi kwa sababu sindano ni ile ile. Nimeona mtu Ndanda kafungua injini hivyo, mpaka leo hataki kusikia habari za fundi wake.

Kuhakikisha ni rahisi. Nusa kijiti. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, likitanuka haraka na kuacha duara pana lenye unyevu mwepesi pembeni, kuna petroli. Sogea mbali na jiko na sigara tafadhali. Dawa ni sindano mpya na kiti chake kama kimechimbika, zibua kimpira cha kabureta, mwaga oili YOTE weka mpya, na kuanzia leo funga koki kila ukilaza chombo. Usiendeshe na oili hiyo eti mpaka mwisho wa wiki, beringi ya koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inakufa kwanza.

Kitu kingine cha kwetu ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kuanzia mwezi wa sita hivi watu wanapuliza mikorosho na ukipita katikati ya shamba na pikipiki sponji inameza ule unga, ukichanganyika na oili unakuwa tope, hewa inapita kwa shida, na kama mpira wa pumzi umeingia upande wa ndani wa sponji basi kabureta inafyonza kwa nguvu kwenye mpira huo huo, inavuta oili hata injini ikiwa nzima. Sponji ifue kwa mafuta ya taa kisha sabuni, kausha kivulini, ilainishe na oili kidogo sana uikamue. Ya karatasi haifuliwi, nunua nyingine. Na ukikuta uchafu wa rangi ya tui ndani ya mpira, huo ni unyevu, wanaupata sana wa Mtwara mjini na Mikindani wanaoendesha safari fupi fupi injini haipati moto. Ondoa, ipeleke mwendo mrefu.

Vyote viko sawa na bado inatema? Chomoa mpira kwenye boksi, ziba tundu la boksi kwa tepu vumbi lisiingie, mwisho wa mpira uingize kwenye chupa tupu ya maji uliyoitoboa tundu dogo juu ipumue, ifunge kwenye fremu mbali na bomba la moshi. Endesha siku yako ya kawaida, ukiweza panda mlima wa kwenda Newala na mzigo. Matone machache ni sawa. Kama chupa inapata oili ya kuonekana kwa macho kila siku, hapo ndo gesi inapita kwenye ringi, na utaona pia moshi wa bluu ukivuta mafuta kwa nguvu. Moshi ukija pale tu unapovuta mafuta tena baada ya kushuka mlima umeachia, shuku sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu) kwanza. Halafu usidanganywe na mtu anayefungua kifuniko cha oili injini inanguruma akakuonyesha inapuliza, silinda moja lazima ipulize.

Kabla ya kutoa hela mwambie apime kompresheni, kisha atie kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi apime tena. Ikipanda sana ni ringi au silinda, isipopanda ni valvu. Na ikiwa ringi, usikubali ringi mpya kwenye silinda iliyolika umbo la yai, ipimwe, ikibidi ichongwe iwekwe pistoni ya ovasaizi (kubwa kuliko ya mwanzo) milimita 0.25 au 0.50.

Anza na kunusa kijiti asubuhi kabla hujawasha, halafu rudi hapa utuambie kimo kilikuwa wapi na koki ulilaza wazi au umefunga.