Juko si takataka, lakini chunga krediti (jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake na ofa ya Kansas)

Ndugu, umesema mdogo wako anakimbia kilomita 10 kwa dakika 29 na kitu hapo Eldoret, ametumiwa ofa ya kwenda kukimbia na kusoma na junia koleji (juko kwa kifupi, chuo cha miaka miwili) ya jimbo la Kansas, Marekani, na wengine hapa wanakwambia juko ni takataka angoje chuo kikubwa cha NCAA, chama cha michezo cha vyuo vikuu vya Marekani. Nimesoma majibu yote nikacheka kidogo kisha nikaona heri nijibu, kwa sababu mimi nilipita njia hiyo hiyo 2004, na leo ni makamu wa mkuu wa komyuniti koleji moja, yaani juko ya umma, huko huko kwa mashamba ya ngano, upande wa wanafunzi. Sikwenda kutafuta hiyo kazi, nilienda kukimbia.

Jibu fupi ni aende. Sasa jibu refu.

Mimi nilitolewa na harambee ya kanisa, tiketi ya kwenda tu. Nilikuwa nafikiri Marekani yote ni magorofa, kumbe nikashukishwa mahali pako tambarare hadi unaona gari likija na bado unamaliza chai kabla halijafika. Na upepo! Upepo wa Kansas unakupiga kifuani ukienda na ukirudi bado unakupiga kifuani, mpaka leo sijaelewa. Krismasi bweni lilifungwa, jikoni pakafungwa, tukabaki Wakenya wanne kwa nyumba ya msaidizi wa kochi tukisonga ugali wa unga wa manjano wenye sukari. Hiyo hakuna mtu huwa anakwambia kwa simu.

Kwetu tulikulia hadithi za wakimbiaji wawili waliosomea Marekani. Henry Rono, Washington State, rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Halafu Mike Boit, shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Eastern New Mexico, akaendelea na masomo mpaka akarudi kuwa profesa Kenyatta University. Kijijini kila kijana alitaka kuwa Rono. Sikumbuki hata mmoja aliyesema anataka kuwa Boit.

Sasa kuhusu masomo, na hapa ndio nataka usome polepole. Kochi wangu alikuwa mtu mzuri sana, alinipeleka kwa daktari wa meno na pesa yake, lakini yeye ndiye alitupangia masomo na alikuwa anahitaji miguu yetu kwa misimu miwili basi. Mazoezi ni asubuhi kwa hivyo darasa lolote la saa mbili lilifutwa. Nikajikuta nasoma nadharia ya kufundisha basketiboli, huduma ya kwanza, kuinua vyuma, na ule mchezo wa kubingirisha mpira kuangusha pini, krediti moja (krediti ni pointi za masomo zinazojumlishwa kufikia digrii), nilipata A. Mama akaambiwa kwa simu mtoto wake ana A akaenda kushuhudia kanisani.

Miaka miwili ikaisha, nikapata chuo kikubwa cha kuhamia, nataka kufanya digrii ya hesabu. Nikaingia ofisi ya mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akatandaza transkripti yangu, karatasi ya masomo na matokeo yote, mezani, akachukua kalamu ya manjano akawa anapaka yale yanayoingia kwa digrii yangu. Nilikuwa na krediti 63. Alipaka, akapaka, halafu akaacha, na karatasi ilikuwa bado nyeupe. Krediti 31. Sheria ya NCAA wakati huo ilisema ukiingia mwaka wa tatu uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii yako, na digrii ya krediti 120 hiyo ni 48. Nikakaa pembeni msimu mzima na mbio niko nazo. Nilipokuja kuruhusiwa kano ya kisigino ikawa imekataa, hiyo ni hadithi nyingine ndefu na haina utamu.

Huo mwaka wa kukaa pembeni ndio ulinitengeneza ingawa wakati huo niliulaani. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, bila kibali maalum inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, kwa hivyo nikaanza kufundisha hesabu kwa kituo cha masomo ya ziada kwa dola 5.15 kwa saa. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wazima. Mama wa miaka 40 ametoka zamu ya usiku, anataka kuwa nesi, na anatetemeka akiona robo na theluthi. Nikagundua naweza kukaa hapo masaa manne bila kuangalia saa, kitu ambacho hata kwa mbio sikuwa nacho. Baada ya digrii nikaajiriwa na komyuniti koleji kama mshauri wa masomo, masta nikasoma jioni, wakaniongeza cheo, wakaniongeza tena. Hapo katikati hakuna kitu cha kusimulia ni makaratasi na mikutano.

Sasa mkutano mmoja nitausimulia. Bodi yetu huchaguliwa kwa kura na wananchi wa kaunti na sehemu ya pesa ya chuo ni kodi ya ardhi yao. Mwaka wangu wa kwanza kwa hicho cheo mzee mmoja mkulima akasimama, kofia mkononi, akauliza kwa adabu kabisa, kwa nini kodi ya shamba langu ilipie mtoto wa Kenya kukimbia? Shingo zote zikanigeukia. Nikamwambia mzee swali lako ni zuri, na huyo mtoto ni mimi. Watu wakacheka, nikatoa hesabu zangu, kwamba chuo cha mashambani bila wanamichezo vitanda vya bweni havijai, darasa lisilojaa linafungwa hata kwa watoto wa hapa. Mzee akatikisa kichwa, akasema sawa nimeelewa, lakini wanasoma nini?

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaitisha ratiba za wanariadha wetu wote. Kwa ya tatu tu nikakutana na mchezo wa pini.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamichezo anajisajili kwetu kabla ratiba yake haijasainiwa na mshauri asiyelipwa na idara ya michezo. Kochi mmoja alinipita kwa korido mwezi mzima kama nguzo ya stima.

Kwa hivyo mdogo wako kabla hajasaini. Kwanza hiyo barua ya skolashipu ya NJCAA, chama cha michezo cha juko, ni ya mwaka mmoja, sio miwili, hata kama kochi anasema "usijali". Aulize inalipa nini hasa, kwa sababu divisheni ya kwanza ya juko inaweza kulipa kila kitu mpaka bweni na chakula, ya tatu hairuhusiwi kutoa skolashipu ya michezo hata kidogo. Na mtu akikwambia amepewa skolashipu ya mbio na komyuniti koleji ya California, kimbia, zile haziruhusiwi kutoa. Aulize analala wapi Krismasi na kiangazi na bima ya hospitali nani analipa. Asishuke chini ya krediti 12 kwa muhula, na darasa la mtandaoni linahesabika moja tu, hapo wengi hupoteza viza wakidhani wanapumzika.

Halafu aombe orodha ya masomo ya muhula wa kwanza kwa maandishi. Akipewa nitumie kwa inboksi, jina la chuo usiweke hapa kwa uzi. Kalamu ya manjano ninayo.