Hamira iliyokufa bado huvunja sukari
Naam dada, umeuliza kama seli za hamira zilizonatishwa kwenye kioo lazima ziwe hai ndipo zivunje sukari; si lazima ziwe hai. Zinaweza kuivunja hata zikishakufa, kwa sababu invatesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachoigawa sukari ya mezani kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, kwa sehemu kubwa hukaa nje ya utando wa seli, huko kwenye ukuta wa seli. Kunata nako hakuna ajabu: ukuta wa hamira una chaji hasi, basi kioo hupakwa kwanza polima (molekuli ndefu kama mnyororo) yenye chaji chanya, na chaji hizo mbili huvutana. Nafundisha kemia hapa Malindi, na kwa jaribio hili hamira ya mahamri yatosha kabisa. Lakini ukitaka gesi ya kuumulia unga, hapo utahitaji seli hai. Na usizichemshe, invatesi yenyewe itaharibika.